Kibali cha Mpini wa Kisu

Jamani, leo nimeomba kibali cha kukata tawi la mti wangu mwenyewe!

Nimefua kisu changu cha kwanza kwa springi ya lori, kimebaki mpini tu. Nikaenda nyumbani kwa katibu wa kijiji.

"Shikamoo. Naomba kukata tawi la mringaringa shambani kwangu, nipate mpini wa kisu."

"Marahaba. Mti ni mali ya taifa, ndugu. Subiri kamati ikae mwezi ujao."

Mwezi ujao! Kwa mpini!

Nikatoka nimenuna. Uani mkewe alikuwa anachochea kuni. Zote za mringaringa, tena kavu safi!

Nikamweleza shida yangu, akanipa kipande. "Chukua, mwanangu."

Mara katibu huyo hapo. Nikajua nimekwisha.

Akakitazama kile kipande, akashusha sauti.

"Ukimaliza kisu chako, nitengenezee na mimi."

Nyinyi mngemjibuje?