Jina la Binti wa Kwanza

Kazi yangu katika bendi ilikuwa kuita majina. Gitaa la solo likishaanza kukimbia na watu wakaacha viti, mimi ndiye niliyeshika maikrofoni na kumwaga majina ya waliokuwepo: bwana harusi, mjomba wake, mwenye duka la vitenge, fundi baiskeli aliyetuazima betri ya gari. Mtu akisikia jina lake ndani ya wimbo hujiona chifu. Huja mbele akicheza, akambandika mpiga gitaa noti kwenye paji la uso. Kwetu Kivu ya Kusini hiyo ni kazi ya wanaume. Mwitaji wa bendi yetu alilewa siku moja kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, nami msichana nikamnyang'anya maikrofoni, na hakuipata tena.

Nisidanganye, sikuichukua kwa kupenda muziki. Niliichukua ili nimtafute dada yangu.

Tulipotezana tukikimbia vita. Mimi nilikuwa nimemshika mama mkono, dada amebeba sufuria kichwani. Risasi zikalia, umati ukagawanyika njia mbili, na yeye akaenda na ile nyingine. Mama alikuwa na hakika yuko hai.

"Batu banapendaka muziki," aliniambia. "Atafika tu fasi moya, pahali munapiga. Umuite."

Basi katika kila wimbo, kati ya wakubwa na wenye mali, nilipenyeza jina la dada. Na kila Jumatatu asubuhi, kabla sijaonja uji, mama alikuwa na swali lake.

"Ulimuita?"

"Nilimuita, mama."

"Na mutu aliitika?"

"Hapana."

Akaendelea kuchambua maharage. Sijawahi kuchukia swali kama nilivyolichukia lile, na sikuthubutu hata mara moja kurudi nyumbani bila jibu lake.

Tatizo lilikuwa jina lenyewe. Kwetu watoto hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, na kila nyumba yenye binti wa kwanza inalo. Kuliita peke yake ni sawa na kusimama sokoni ukaita "Mama!" Ningeongeza jina la baba, dada angejua mara moja kwamba ni yeye. Lakini mama alinikataza. Baba aliuawa na watu waliomjua, majirani, na ilisemekana baadhi yao walivuka mpaka kama sisi na kupanga foleni ya mahindi pamoja nasi. Jina la baba likabaki ndani ya nyumba.

Kiongozi wa bendi, mwalimu wa zamani tuliyemwita shefu, hakuipenda tabia yangu.

"Jina ya mutu hayuko hapa inaharibu wimbo," alinifokea.

Nikamjibu kwamba wimbo wake uliharibika kabla sijazaliwa. Akacheka, akaniacha.

Ndipo tukaalikwa kupiga kwenye harusi nje ya kambi, mtaa wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Ilikuwa alasiri, watu wameshiba, ukumbi umechangamka. Nikamwita bwana harusi, nikawaita wazazi wake, kisha nikaita jina la dada kama kawaida yangu. Mwanamke akatokea mlango wa nyuma mbio, kisu cha kumenyea matoke mkononi, vidole vyeusi kwa utomvu. Urefu ulikuwa ule ule. Shingo ilikuwa ile ile. Maikrofoni ikaniponyoka, nikaruka kutoka jukwaani nikilia kwa furaha, na watu wakadhani ni sehemu ya onyesho.

Nilipomkaribia nikaona si yeye.

Wala hakuwa akinitazama. Alikuwa akiwakagua wapiga gitaa mmoja mmoja.

"Nani ananiita? Kaka yangu mupiga gitaa iko wapi?"

"Simujui, yaya," nikasema, nikimwita dada mkubwa kwa kuwa alinizidi umri. "Ni miye niliita. Niko natafuta dada yangu."

Magitaa yalikuwa yamenyamaza. Mjomba wa bibi harusi akapiga kelele kutoka meza ya mbele, "Nyinyi! Muziki nasimama kwa nini?"

Nikarudi kuimba. Sijui niliimba nini. Baadaye nilimfuata nyuma ya ukumbi, nikamkuta amerudi kwenye rundo lake la matoke. Hakuinua kichwa.

"Mudogo wangu, usiite tena ivi," akasema. "Miye nilishamulilia kaka yangu, nikamaliza. Leo umemufufua dakika moya, kisha umemuzika tena."

Njia nzima ya kurudi Nakivale niliwaza ni wangapi wengine waliosikia jina lile, wakaangusha walichoshika, wakasogea, wakamwona mgeni, wakarudi zao bila kuniambia. Niliona aibu. Nikiacha kuita, namzika dada mbele ya macho ya mama. Nikiendelea, nawatesa mabinti wa kwanza wa nchi nzima.

Jumapili iliyofuata tulipiga kambini, uwanja wa mpira, baada ya fainali ya vijana. Watu walikuja kutoka kila upande wa Nakivale. Nikaita jina la dada, na nikaongeza jina la baba. Mara tatu. Mpiga solo, aliyetoka mlima mmoja nasi na kulijua jina lile, akakosea nyuzi. Nami niliangalia nyuso, na safari hii sikumtafuta dada tu. Wanaume wawili karibu na goli waligeuka kunitazama. Hadi leo sijui kama ni kwa sababu ya jina au kwa kuwa sauti yangu ilikuwa imepasuka. Hakuna aliyekuja mbele.

Jumatatu mama akauliza.

"Ulimuita?"

"Nilimuita, mama. Na jina ya papa."

Mkono wake ukasimama na maharage kiganjani. Nilingoja kofi.

"Basi mutu atakuya," akasema taratibu. "Ao yeye, ao bale."

Jioni alikunja mkeka wake kutoka kona aliyolala siku zote, akautandika mlangoni, mbele ya wangu.

"Mwenye kuingia anikute miye wa kwanza," akasema.

Alilala pale miaka minane, mpaka tulipomzika. Dada hakuja, wala wale waliomuua baba hawakuja.