Kifaru cha Wilf Sugden na Swali la Piroska

Wilf Sugden alifanya kazi ya ufundi mitambo katika kiwanda cha sufu pale Keighley, Uingereza, kwa miaka thelathini na minane. Kiwanda kilipofungwa, aliingia kwenye banda la nyuma ya nyumba na kuanza kujenga kifaru. Mkewe, Enid, alidhani ni mambo ya miezi miwili mitatu. Ilikuwa miaka sita.

Kilikuwa kifaru cha Kirusi cha zamani, T-34, kwa kipimo cha moja kwa sita. Kila sentimita sita za kifaru halisi zilikuwa sentimita moja kwake. Alikata vyuma mwenyewe, akachomelea mwenyewe, akaunda minyororo ya magurudumu kipande kwa kipande. Kilipokamilika kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo mia moja na thelathini. Ndani kulikuwa na mota mbili za umeme, betri nne, na spika iliyotoa mngurumo wa injini halisi pamoja na ule mlio wa chuma kusagana na chuma. Mbele, kwenye bamba la pua, palikuwa na mfuniko wa tundu la dereva uliofunguka kwa bawaba, kama ule wa kweli.

Klabu yetu ilikuwa na watu kumi na wawili wenye vifaru vya namna hiyo, na Wilf ndiye aliyekuwa msimamizi wa usalama. Alikuwa mkali. Kila asubuhi ya onyesho alitupanga mstari, kila kifaru kimeinuliwa juu ya matofali, minyororo ikizunguka hewani. Kisha alimwambia mwenye kifaru azime rimoti ghafla. Minyororo isiposimama papo hapo, kifaru hakiingii uwanjani, hata uwe umesafiri kutoka wapi. Nyuma ya kila kifaru lazima kuwe na kitufe chekundu cha kukata umeme. Kamba za kuzuia watu zilikuwa mbili, na kati ya kamba na kamba mita mbili tupu.

"Wilf, hivi ni vitu vya kuchezea," nilimtania siku moja. "Unatukagua kama ndege za abiria!"

"Cha kuchezea cha kilo mia na thelathini," alijibu bila kucheka. "Haya, weka mguu wako hapo mbele tuone nani atacheka."

Sikuuweka.

Onyesho ninalolisimulia lilifanyika katika mji wa Skipton, mwaka 2011, ndani ya ukumbi wanaponadia kondoo. Upande mmoja walikuwa watu wa treni ndogo, upande mwingine meza za nyumba za midoli, na katikati uwanja wetu wa vifaru. Mimi nilisimama kati ya zile kamba mbili, kazi yangu kurudisha nyuma mtu yeyote anayeinama kuvuka.

Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Wilf alikitoa kifaru chake nyuma ya kuta za maboksi tulizozichora kama mtaa uliobomolewa. Watu walisikia kabla hawajaona. Ule mngurumo, halafu mlio wa minyororo kwenye sakafu ya zege, halafu pua ikajitokeza kwenye kona na kugeuka taratibu kutuelekea.

Hapo ndipo mwanamke mmoja kwenye kamba ya nje alipopiga ukelele.

Nimewahi kusikia watu wakipiga kelele za kushtuka kwenye maonyesho. Kwa kawaida huishia kwenye kicheko. Huu haukuwa hivyo. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, nadhifu, na beji ya meza za midoli kifuani. Alimshika mgeni aliyesimama kando yake kwa mkono wa koti akamvuta kwa nguvu, akamshika mwingine naye akamvuta, akipiga kelele kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Kisha akaketi sakafuni, mikono imefunika kichwa.

Wilf aliachia rimoti sekunde ile ile. Kifaru kikasimama. Sauti ya injini ikaendelea kunguruma mahali pamoja, kama ilivyotengenezwa.

"Zima sauti!" nilimpigia kelele. "Wilf, zima sauti!"

Alikimbia akabonyeza kitufe chekundu, na ukumbi mzima ukawa kimya. Nilimtazama usoni. Alikuwa mweupe kama karatasi. Alivuka kamba zote mbili, yeye aliyewahi kumfukuza mwenyekiti wa klabu kwa kuvuka moja, akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Nimekugonga? Kipenzi, kimekugusa mahali?" aliuliza, kwa neno ambalo watu wa kwetu humwitia hata mgeni.

Hakikumgusa. Kilikuwa mita saba kutoka kwake.

Watu wa huduma ya kwanza walimpeleka pembeni wakampa chai yenye sukari nyingi. Jina lake Piroska Lendvai, Mhungaria wa Bradford. Alifika Uingereza akiwa na miaka kumi na miwili, akaja kuwa mshonaji, na sasa alishona nguo za midoli. Wilf hakutaka kuondoka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akikunja na kukunjua kofia yake.

"Nisamehe," alisema. "Sikufikiria. Miaka sita, sikufikiria hata siku moja."

"Ni sauti," Piroska alisema. "Kule kwenye meza yangu sikuona kitu. Nilisikia tu. Miguu ikanileta yenyewe." Alikunywa chai, kisha akamtazama. "Umekijenga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi unajua dereva anakaa wapi. Unajua anaona nini."

Wilf alisema anajua, kwa vipimo. Yule mama akaomba anwani yake, nasi tukadhani ni maneno ya mtu aliyeshtuka.

Wiki tatu baadaye Wilf alinipigia simu. "Anakuja Jumamosi asubuhi. Naomba uwepo. Enid anasema sina akili."

Alikuja na mkoba wa kitambaa. Ndani ya banda, kabla hata ya kuvua koti, alitueleza. Novemba ya mwaka 1956, Budapest, vifaru vya Kirusi vilipoingia kuzima maasi. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wake Ágota miaka tisa. Walitumwa mkate. Walikuwa wanavuka barabara wakati kifaru kilipokata kona; Piroska akaachia mkono wa mdogo wake akakimbilia ukutani. Ágota alisimama katikati. Hakukimbia mbele wala nyuma. Alisimama tu.

"Baba alisema mle ndani hawaoni kitu," Piroska alisema. "Kifaru ni kipofu, alisema, ni kama jiwe linaloporomoka mlimani. Alisema hivyo mpaka alipokufa. Nataka nione kama ni kweli."

Akafungua mkoba akatoa mdoli.

Alikuwa msichana mwenye koti la bluu la vifungo vinne na soksi za sufu. Sentimita ishirini na moja na nusu. Piroska alikuwa amempima mdogo wake kwa kumbukumbu, pale alipokuwa anamfikia begani, akagawa kwa sita.

Enid alitoka nje ya banda. Wilf alishika ukingo wa meza. Nilidhani atakataa. Lakini alichukua kamera ndogo, ile inayoingizwa kwenye mabomba yaliyoziba, akaifunga kwenye kiti cha dereva, mahali hasa macho yangekuwa, na waya wake akauchomeka kwenye televisheni.

"Kilikuwa mbali kiasi gani kilipokata kona?" aliuliza.

"Kutoka mlango wa duka la mikate hadi nguzo ya taa. Hatua thelathini, za mtu mzima. Nilirudi nikazihesabu."

Hatua tano kwa kipimo chetu. Banda halikutosha, ikabidi tufungue mlango na kuanzia nje kwenye njia ya zege. Mimi nilipewa kazi ya kumsogeza mdoli kuelekea kwenye kifaru. Sijawahi kupewa kazi nzito kuliko hiyo, na nimebeba vyuma maisha yangu yote.

Tulianza mfuniko ukiwa umefungwa. Kwenye televisheni palikuwa na ufa mwembamba wa mwanga, kijivu, na ndani yake kitu kidogo cha bluu. Nikamsogeza hatua moja. Nyingine. Kile kitu cha bluu kikakua kidogo, kikakatika kichwa, kisha kikapotea kabisa huku mdoli akiwa bado amesimama mbele ya pua.

Wilf alimgeukia Piroska. "Umeona? Hakuona, kipenzi. Baba yako alikuwa sahihi. Yule mtu hakuona chochote." Alikuwa tayari anainama kuzima televisheni. Uso wake ulijaa nafuu, hata mimi niliisikia nafuu hiyo mwilini.

Piroska alikuwa analia, lakini si kama mtu aliyefarijika.

"Kama hakuona," alisema, "basi ni mimi. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Ni mimi niliyeachia mkono."

Wilf alibaki ameinama vile vile.

"Ufungue mfuniko," Piroska alisema.

"Bi. Lendvai, tuishie hapa."

"Ulikuwa wazi. Nilimwona. Kijana, kofia nyeusi, kidevu kimechafuka masizi. Nilimwambia baba, akasema hata ukiwa wazi hawaoni. Ufungue."

Wilf akaufungua. Nikamrudisha mdoli nje, hatua tano, nikageuka kutazama televisheni.

Alionekana wote. Koti, soksi, vifungo vinne. Nikamsogeza, akazidi kuwa mkubwa. Nikamsogeza tena, na uso aliochora Piroska kwa brashi nyembamba ukajaa kwenye kioo. Ulianza kupotea pale tu nilipomfikisha kiasi cha shubiri tatu kutoka kwenye pua.

Hatimaye Piroska aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya uzi, "Kilikuwa hakikimbii. Mtu mwenye mbio angekipita. Kwa mwendo huo, alipomwona, angeweza kusimama?"

Nilimtazama Wilf. Moyoni nilimsihi aseme hajui.

"Ndiyo," Wilf alisema. "Angeweza. Kama alikuwa anatazama mbele, angesimama mara mbili na nafasi ingebaki."

Piroska aliketi juu ya sanduku la betri. Alimchukua mdoli akamlaza mapajani, akalainisha koti lake. Kisha akasema, si kwetu, "Miaka hamsini na mitano nilidhani niko peke yangu barabarani."

Hakunywa chai. Wilf alimsindikiza hadi kituo cha basi.

Aliporudi, Enid alikuwa anamsubiri mlangoni. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti kabla ya siku hiyo.

"Ungemwambia hujui! Neno moja tu, Wilf! Mama wa watu amekuja na maumivu yake, wewe unamwongezea muuaji!"

"Ninajua, Enid. Nimekipima kila milimita. Ningemwambiaje sijui?"

"Na wewe utalala?"

Na kweli hakulala vizuri, aliniambia baadaye. Kilichomsumbua hakikuwa yule dereva peke yake. Kilikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa amejenga kile kiti kwa mkono wake, akajivunia jinsi mfuniko unavyofunguka, akawaonyesha watu, akapigiwa makofi. Kilichoweza kutokea mbele ya mfuniko huo, hakuwa amekiwaza hata mara moja.

Majira yote ya baridi hakukigusa. Tulidhani atakiuza. Machi alikuja kwenye mkutano wa klabu na karatasi moja. Alitaka tangazo lisomwe ukumbini kabla ya kifaru chochote kuwashwa sauti, na saa nzima ya mchana ambapo vifaru vitazunguka bila sauti kabisa. Mmoja wetu alilalamika kwamba watu huja kwa ajili ya mngurumo. Wilf akamsimulia habari za mdoli, kwa sentensi nne au tano, akaketi. Tulipiga kura, na hakuna aliyepinga.

Piroska alikuja tena Skipton mwaka uliofuata, kwenye meza yake ya nguo za midoli. Saa ile ya kimya ilipofika, nilimwona anakuja kwenye kamba, amevaa koti lake, mkoba mkononi. Alisimama kando yangu. Wilf alimwona toka upande wa pili wa uwanja akasita, rimoti mikononi.

"Mwambie aendeshe," Piroska aliniambia.

Nikampungia. Kifaru kilitoka nyuma ya maboksi, na bila ile sauti kilikuwa kama chombo cha shambani tu, kizito, kinayumba kidogo. Alikitazama kikizunguka mara moja. Mzunguko wa pili, kilipokata kona kutuelekea, vidole vyake vilishika mkono wangu vikaminya mpaka nikaumia.

"Basi," alisema.

Nikainua mkono. Wilf akakisimamisha pale pale katikati ya uwanja, pua ikiwa imetuelekea, mfuniko wazi. Piroska alikitazama kidogo. Kisha akaachia mkono wangu, akanyoosha koti lake, akarudi mezani kwake ambako mteja alikuwa anasubiri.