Mikono ya Placide Ilitetemeshwa na Nini

Wachuuzi wa soko la Kadutu, mjini Bukavu, wanasema Agathe hanunui nyanya, anazihoji. Tenga likishushwa kutoka Kamanyola, wenzake wanainamia zile zilizopasuka juu na kuanza kulilia bei. Yeye anazipita. Anatumbukiza mkono hadi chini, anaibua nyanya nzima iliyokaa katikati ya zilizooza, anaigeuza na kuuliza: "Hii, mbona haikuoza?" Jibu la hapo ndilo linalomwambia kama tenga lililoweshwa na mvua, au lilikaliwa na abiria, au lilisahauliwa njiani.

Aliingia Kadutu akiwa msichana wa Nyantende, beseni la mboga za lengalenga kichwani. Hakuna aliyempa meza. Alisimama kando ya meza ya mwanamke mmoja mgonjwa, akamfagilia, akamfukuzia nzi, mpaka mwanamke akachoka kumwambia aondoke. Meza hiyo ndiyo yake leo. Akaolewa na Placide, askari mpole aliyekuja likizo na kununua nyanya bila kuomba nyongeza. Agathe alimhurumia, halafu akamfundisha.

Placide alipostaafu jeshi, mikono yake ilikuwa mizima bado. Balaa lilianza na kikombe: chai ikawa inamwagika kabla haijafika mdomoni. Zikafuata vifungo vya shati. Kisha fizi zikaanza kuvuja damu, na mtu ambaye hakuwahi kupandisha sauti akawa anaifokea hata redio.

Kila Jumamosi Jean-Claude, mwenzake wa jeshini, alikuja kukaa naye uani, na mjadala ukawa uleule. Jean-Claude alikuwa na kikohozi kisichomtoka, na mshtakiwa wake alikuwa mmoja tu.

"Ni ile dawa ya wadudu," alisema. "Tulilalaka mu depo ya shamba, magunia ya unga mweupe kila pembe. Panya wenyewe walikuwa wanakufa mulangoni!"

"Ni acide ya betri," Placide alijibu. "Mi njo nilikuwa najaza betri za redio. Ilinitobolea suruali, isitoboe mishipa?"

"Basi suruali njo ingetetemeka!"

Walicheka, wakabishana mpaka jua likaondoka uani, na hakuna aliyeshinda. Agathe alikuwa akichambua maharagwe na kusikiliza. Mjadala usio na bei humkera.

Virginie, dada mkubwa wa Placide, hakuwa na haja ya kubishana. Alikuja kutoka Katana, akamtazama ndugu yake akimwaga uji kifuani, akatamka neno moja: karuho.

Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo watu wa Bukavu wanasema inafichwa chini ya ukucha na kudondoshwa kwenye kinywaji. Hakuna aliyeiona, na hakuna asiyemjua mtu aliyekufa nayo. Na anayemwekea mume kinywaji mezani ni nani, kama si mke?

"Siku ya Mungu, kisha misa, familia inakuja," Virginie alisema. "Ndugu yangu anaenda kwangu Katana. Kuko mama moja kule, anatapisha batu karuho. Hapa hatakula tena."

"Maman Virginie, unasema ni mimi?"

"Mi sijataja mutu. Nimetaja nyumba."

Agathe hakulia, kulia hakushushi bei. Alipiga hesabu yake. Placide akitoka mle ndani kwa jina la karuho, hatarudi. Na nani Kadutu atanunua chakula kwa mwanamke aliyemtilia mumewe sumu? Kabla ya Jumapili alipaswa kupata sababu nyingine, tena yenye miguu ya kusimama mbele ya familia.

Ndipo akili ya soko ikamjia. Muda wote huu walikuwa wanahoji zilizooza. Akamkaribia mumewe. "Kati ya wale mulikuwa nao, nani ni muzima kabisa?"

Placide alifikiri. "Gaston. Mupishi wetu. Iko analima muchele Kamanyola. Ule hata mafua hamukamate."

Keshoye Agathe alipanda lori tupu la nyanya likishuka kwenda bondeni. Alimkuta Gaston kando ya mfereji wa mpunga, amekunja suruali.

"Bibi ya Placide! Unakuja kununua ama kutukana?"

"Kuuliza. Nyoosha mikono."

Gaston aliinyoosha. Ilitulia kama ubao.

"Ile depo ya dawa, ulilalaka mule?"

"Juu ya magunia yenyewe! Jean-Claude alikuwa pa mulango. Mi nilikuwa katikati, unga mpaka mu meno."

Agathe aliliweka hilo kando. "Na betri?"

"Ile ilikuwa ya Placide peke yake. Lakini uone Dany, bwana ya Olive, hapa nyuma ya kanisa. Dany hakugusaka betri. Na depo, alifika kwetu wakati tulishatoka kule. Hakuionaka. Sasa anatetemeka mpaka ndevu ni Olive anamunyoa, fizi zinatoka damu, na kasirani kila siku."

Agathe alihisi kile anachohisi mkono unapofika chini ya tenga. "Basi Placide na Dany walifanyaka nini pamoja, chenye wewe haukufanya?"

Gaston aliikunjua suruali, akaketi ukingoni mwa mfereji.

"Ulizo hilo hakuna mutu aliniulizaka," alisema. "Zahabu."

Akaeleza. Kituo chao cha mwisho kilikuwa karibu na mashimo ya wachimbaji. Wachimbaji wanaikamata zahabu kwa merkiri, yaani zebaki, yale maji mazito yanayong'aa kama fedha, na inatoka kidonge cha kijivu. Kidonge kikichomwa, merkiri inapanda na moshi, zahabu inabaki. Placide na Dany walinunua vidonge kwa mishahara yao na kuchoma wenyewe.

"Mu sufuria yangu! Madirisha wamefunga, mulango wamefunga, eti upepo usipeleke zahabu! Nilipiga kelele juu ya sufuria, wakanifukuza. Nikalala inje na kuku mpaka tulihama."

"Na Jean-Claude?"

"Ule? Aliogopa hata kununua sigara moja moja. Zahabu ataitoa wapi?"

"Mbona Placide hajawahi kuitaja?"

"Ataitaja juu ya nini? Anatafuta kile jeshi ilimufanyia. Ile walijifanyia wenyewe."

Agathe hakushangilia. Watu wawili wagonjwa na mmoja mzima si soko, ni meza tu. Lakini Jumapili alihitaji meza. Akamtaka Gaston apande Bukavu. Gaston akakubali kwa sharti la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, wengi, na pilipili.

Siku ilipofika familia ilijaa uani. Tonton Grégoire, baba mdogo wa Placide, alikaa kwenye kiti cha katikati kwa kuwa neno la mwisho ni lake. Virginie alikuja na mfuko mtupu wa kutilia nguo. Jean-Claude alikuja na kikohozi chake. Gaston alieleza yote, sufuria ikiwa ndiyo iliyomuuma zaidi, na Placide alitazama miguu yake bila kukana.

"Huyu amelipwa na samaki," Virginie alisema. "Ninamuona anatafuna."

"Maman, samaki hainifundishe kusema uongo," alisema Gaston. "Inanichelewesha tu."

Agathe alisimama. "Maman Virginie, Dany wa Kamanyola aliwahi kukunywa kwangu?"

"Simujue huyo Dany."

"Hata mimi sijamuona na macho. Na ugonjwa wake ni huu huu, mikono, fizi, kasirani. Karuho yangu ilishuka mulima ya Ngomo kwa miguu mpaka Kamanyola?"

"Labda ni bibi yake alimuwekea!"

"Bibi mbili, hatujuane, sumu moja, kwa wanaume wenye walichoma pamoja. Unauza hiyo kwa nani?"

Watu walicheka, hata Grégoire. Jean-Claude hakucheka. "Na ile dawa ya wadudu? Munaisamehe hivi hivi?"

"Siisamehe. Wewe unakohoa, yeye anatetemeka. Magonjwa ni mbili, na munaitafutia muchawi moja. Ya kwako bado sijaijua." Na alisema kweli. Swali hilo lilikuwa limeshamwingia, na alijua halitamtoka upesi.

Grégoire alikohoa kidogo ili wanyamaze. "Moshi ama karuho, mi sijue. Lakini moshi iko na mashahidi. Placide anabaki kwa bibi yake. Kesho anapelekwa hospitali, dokta aambiwe mambo ya merkiri, na yeye apime."

"Kama akipima, akose moshi?" Virginie aliuliza.

"Nitaendelea kuuliza," alisema Agathe. "Hata kama ulizo inarudi kwangu."

Virginie aliutazama mfuko wake, kisha akamtazama wifi yake kama mtu anayepima kitambaa. "Basi nakaa hapa mpaka dokta aseme. Chakula ya ndugu yangu, napika mimi."

"Na kumuogesha?"

"Na kumuogesha."

"Na hospitali, kumungojea mu mustari toka asubui?"

"Nitamungojea. Siwezi kumuachia mutu."

Agathe alikunja uso, akavuta pumzi, akasitasita kidogo kama anayeuza kwa hasara. "Sawa," alisema. "Lakini na shuka zake, unafua wewe."

Jumatatu asubuhi, Virginie akiwa amemshika Placide mkono kwenye ngazi za hospitali, Agathe alikuwa Kadutu mapema kuliko kawaida, mkono umezama ndani ya tenga.