Chumba cha Dobi

Jina la Dobi lilimpata kwa sababu ya kazi. Tangu ujana wake alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba moja ya wageni, akila hapohapo na kulala hapohapo, kwenye kichumba nyuma ya mashine za kufulia. Mwenye mali alipofariki, wanawe waliiuza nyumba, na mnunuzi akaja na wafanyakazi wake. Dobi akakosa kazi na mahali pa kulala kwa mkupuo mmoja.

Alikwenda kwa dada yake. Shemeji hakumfukuza, aliguna tu kila alipomkuta sebuleni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa dada hakukuwa na shamba. Dobi akafunga kifurushi chake, akaishia barazani pa duka lililofungwa. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye hata aibu ilimtoka, akawa anakaa tu.

Pale ndipo msimamizi wa nyumba moja ya pamoja ya watu wasio na makazi alipomkuta, mama mmoja asiye na haraka. Alikuja mara kadhaa, akikaa naye sakafuni bila kumuuliza mengi. Siku moja alisema, "Chumba kimepatikana. Kina kitanda na mlango. Ufunguo utakaa nao wewe."

"Natakiwa nifanye nini?"

"Uhamie."

Nyumba hiyo ilikuwa na vyumba vilivyopangana kwenye ujia mrefu, na jiko moja la wote. Muuguzi alipita kila wiki. Wakazi walipika kwa zamu. Dobi alipewa chumba cha mwisho, akakitazama kama anayetazama cha mtu mwingine. Alilala sakafuni karibu na mlango, viatu miguuni. Kitanda alikiwekea kifurushi.

Jirani yake alikuwa seremala mzee, mkono mmoja umepooza, ulimi mzima. Zamu ya kwanza ya Dobi jikoni, maharage yaliungua. Watu wakala kimya. Seremala akatafuna, akatafuna tena.

"Haya ni ya kupaka kwenye mbao, mama," alisema. "Mchwa hagusi."

Meza nzima ikacheka. Dobi alisikia kicheko hicho kama kinatoka nyumba ya pili. Kesho yake asubuhi alichukua kifurushi akaondoka, bila kuaga na bila kugombana na mtu.

Barazani alikuta mtu mwingine ametandika maboksi pale pake. Akakaa pembeni. Msimamizi alifika siku iliyofuata, pamoja na Seremala aliyekuwa akihema kwa kutembea.

"Chumba chako kipo," msimamizi alisema.

"Nimeshatoroka. Mpeni mwingine."

"Anayetoroka ni mfungwa. Wewe umetoka, na aliyetoka hurudi."

Seremala akaketi taratibu. "Kama ni yale maharage, mimi nilikula sahani mbili."

"Si maharage."

"Ni nini basi?"

"Sijui, mzee. Sisikii kitu moyoni. Nikiwa kule sisikii, nikiwa hapa sisikii."

"Basi usisikie ukiwa ndani," alisema Seremala. "Huku nje mvua inakuja."

Alirudi nao. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mtu mmoja alimsogezea kiti, mwingine akamwekea chai. Akainywa ikiwa ya moto, ndipo alipotambua kuwa alikuwa akitetemeka kwa baridi.

Miezi ilipita hivyo. Siku nyingine alivua viatu akalala kitandani, siku nyingine alirudi sakafuni, na hakuna aliyemuuliza. Seremala alipougua, Dobi alimlisha uji kwa kijiko. Mzee alifia chumbani mwake, watu wa nyumba wakiwa wamemzunguka. Wengine walilia. Dobi alishika kijiko mpaka msimamizi alipokichukua mkononi mwake. Machozi yake yalikuja baada ya wiki kadhaa, akimenya vitunguu, na kwa kuwa ni vitunguu, hakuna aliyejua.

Dada yake alimtafuta hadi akampata. Alikagua chumba, akabonyeza godoro kwa kiganja.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu. Shemeji yako mwenyewe amesema."

"Mwambie nashukuru. Nitakuja kuwasalimu."

"Kwani hapa una raha?"

"Raha sijui," alisema Dobi. "Naishi hapa."

Dobi akafungua dirisha ili hewa iingie, akamwonyesha dada yake mahali pa kuweka mkoba.