Siku Mkwe Alipomtembeza Suet Fong

Suet Fong hakuwa mtu wa kuamini haraka. Ujana wake aliumalizia kushona glavu kiwandani, kisha akauza soksi kando ya barabara kule Sham Shui Po, na barabara ilimfundisha kuwa mtu akikuchekea bila sababu, shika mkoba wako. Kwa hiyo asubuhi ile mkwewe Hoi Kei alipobisha hodi, miguuni viatu vya kutembelea na usoni tabasamu pana, machale yalimcheza papo hapo.

"Mama, jiandae. Leo nakutembeza mjini."

"Mji gani?"

"Huu huu wetu, Hong Kong."

"Nimezaliwa hapa mimi. Unitembeze kwani nimekuwa mtalii?"

"Na chakula juu yangu."

Hapo ndipo aliposhtuka zaidi. Tangu Hoi Kei aolewe na Man Lok, mwanawe wa pekee, wanawake hawa walionana sikukuu kwa sikukuu, wakaulizana habari za mvua na joto, basi. Leo kulikoni? Suet Fong alikubali kwenda, si kwa uchu wa chakula bali ili ajue kinachopikwa. Alifunga kufuli zote mbili, funguo akazining'iniza shingoni ndani ya blauzi.

Walianzia mkahawani kwa chai. Suet Fong alikuwa bado anasuuza vikombe kwa chai ya moto, kama ilivyo desturi kabla ya kula, Hoi Kei alipoinama kumsogelea.

"Mama, ngazi bado unazimudu?"

"Nimezipanda kuja hapa. Hukuniona?"

"Na choo je? Huwa unahitaji kwenda kila baada ya muda gani?"

Kiandazi cha mvuke kilichojazwa kamba wa baharini nusura kimkwame kooni. Jirani yake, Mama Pang, aliulizwa na wanawe maswali kama hayo hayo, kwa sauti laini kama hiyo hiyo. Mwezi haukuisha akajikuta kwenye nyumba ya wazee karibu na mpaka, kitanda chake kimebanwa ukutani, anaamshwa kwa kengele.

"Kumbe ndiyo hiyo," Suet Fong akajisemea moyoni. Akatafuna polepole, macho hayabanduki kwa mkwewe.

Walipanda treni ya mlimani hadi Kileleni. Huko mambo yakazidi. Hoi Kei alitangulia mbele, mwavuli umefungwa kaunyanyua juu, na kila mara aligeuka nyuma kama mchungaji anayehofia mbuzi wake atapotea. Midomo ilikuwa ikimchezacheza. Akasimama, bandari yote iko mgongoni pake, akatoa sauti ambayo Suet Fong hakuwahi kuisikia.

"Hapo chini ndipo ilipo bandari iliyoulea mji wetu..."

"Unaongea na nani?"

"Na wewe, Mama."

"Mbona unatazama juu ya kichwa changu?"

Hoi Kei akashusha mwavuli, mashavu yamemwiva.

Waliposhuka walipanda feri, na humo Hoi Kei akamwonyesha jengo refu ng'ambo. "Mama, unakumbuka pale zamani palikuwa na nini?"

Ahaa, sasa anapimwa akili! Suet Fong alijibu kwa sauti iliyowageuza abiria: palikuwa na ghala. Na kabla ya kuulizwa akaongeza jina lake kamili, mtaa wake, leo ni siku gani na mwezi gani. "Umeridhika?"

"Mama, taratibu, watu wanatutazama."

"Waache wawe mashahidi."

Walifika Lei Yue Mun, kijiji cha wavuvi, njaa imewashika. Kwenye kichochoro cha matangi ya kioo Hoi Kei alichagua chewa mnene. Muuzaji alipomvua kwa wavu, Suet Fong alitoa mkasi wake mdogo mkobani akakata ncha ya mkia, asije akabadilishiwa samaki jikoni.

"Shangazi, kwani unanionaje mimi?" muuzaji akauliza.

"Nakuona vizuri sana. Ndiyo maana."

Alimsindikiza samaki yule hadi mlango wa jiko la mkahawa wa jirani. Aliporudi mezani, Hoi Kei alikuwa amempa mgongo, simu sikioni. "Bado hajui," alikuwa akinong'ona. "Nitamwambia tukishakula."

Suet Fong akapiga meza kwa kiganja. "Ni nyumba ya wazee ipi?"

"Nyumba gani, Mama?"

"Usinipige chenga! Miguu umeuliza, choo umeuliza, akili umeipima. Mmenitafutia kitanda wapi, wewe na Man Lok?"

Hoi Kei alimkodolea macho, kisha machozi yakamlenga. Simu ile ilikuwa ya mwenzake wa darasani. Alikuwa akisomea kazi ya kuongoza watalii, na mtihani wa vitendo ulikuwa wiki ijayo. Ule wa kwanza alikuwa ameanguka. Man Lok hakuwa ameambiwa kuwa anasoma, kwa sababu siku alipodokezwa tu alicheka: utaongozaje watu na wewe unapotea ndani ya duka?

"Wazee watanijia wengi, ndiyo maana nikauliza miguu na choo."

"Na kwa nini mimi?"

"Rafiki zangu wote wananiambia niko vizuri. Wewe hujawahi kuniambia niko vizuri hata siku moja. Nilitaka mtu asiyedanganyika."

Samaki akaletwa, anafuka mvuke wa tangawizi. Suet Fong akaufunua mkia kwa kijiti cha kulia: umekatwa ncha. Akamkatia mkwewe nyama ya shavuni, ile tamu, akaiweka kwenye bakuli lake.

"Habari za choo usimwulize mtu mezani," akasema. "Na ule mwavuli unaushika kama unapigana."

Simu yake ikalia. Ni Man Lok. "Mama, nimepita kwako pamefungwa. Uko wapi?"

Suet Fong hakuwa amewahi kumficha mwanawe kitu. Alimtazama Hoi Kei, aliyekuwa ameacha kutafuna.

"Nipo sokoni."

"Mbona kelele hivyo?"

"Samaki wamepanda bei, watu wanagombana. Haya, kwaheri."

Hoi Kei akaanza kucheka huku anafuta macho.

"Usicheke. Hicho cheti ukikipata nitataka kukiona kwa macho yangu. Sasa kula, halafu usimame uanze upya yale maelezo ya bandari. Na safari hii unitazame usoni."