Injini Iliyokuwa Naitiri

Gari langu la kwanza nililipata kwa kushona sofa. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne na alama zisizonipeleka popote, na nilikuwa nimeajiriwa na fundi wa viti hapa Kitale, upande wa kuelekea Kipsongo. Tulishona viti vya magari, vya trekta, hata vya kanisa. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili.

Siku moja nilitumwa nyumbani kwa mzee mmoja, afisa wa kilimo aliyestaafu, nikapime sofa zake. Wazazi wake, kama babu na nyanya yangu, walihamia Trans-Nzoia kutoka Mlima Kenya, kwa hiyo nilimwita Guka, yaani babu kwa lugha yetu, na mkewe nikamwita Shosho, yaani nyanya. Nilipomaliza kupima nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta choo, nikakuta Pijo 404 ya zamani imekaa juu ya mawe manne. Mmea wa malenge ulikuwa umepanda mlangoni hadi kwenye paa, na lenge moja kubwa lilikuwa limetulia juu ya kioo cha mbele.

Nilisahau habari ya choo. Nilifungua mlango nikaingia. Mkono wa gia haukuwa chini kama kwenye magari niliyoyajua, ulitokea kwenye usukani. Nilikuwa nauchezesha nilipomsikia mzee nyuma yangu.

"Unaiangalia kama mtu anataka kununua."

"Hapana, Guka. Nilitaka tu kujua gia inafikaje chini kutoka huku juu."

Alicheka. Akasema miaka yote aliyoiendesha hakuwahi kujiuliza. Tukaongea, na kabla sijaondoka tulikuwa tumekubaliana: ningeshona zile sofa zote kwa wakati wangu, jioni na Jumamosi, na yeye angenipa gari pamoja na kitabu chake cha usajili. Bosi wangu alisema nimepata hasara. Lakini alinikubalia kutumia cherehani.

Baada ya wiki tatu nilirudisha sofa, nikaenda moja kwa moja kufungua boneti. Ndani mlikuwa na majani makavu na kiota cha kuku. Injini haikuwepo.

"Guka, injini iko wapi?"

Shosho alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe. Mzee alimtazama kwanza yeye, ndipo akanijibu. "Iliibwa."

"Miaka sita sasa," Shosho akasema. "Mimi nilikuwa nimesafiri kwa dada yangu. Wezi wa siku hizi, wanang'oa injini nzima na mbwa yuko hapo tu analala."

Mzee akasema anaenda kuangalia ng'ombe.

Nilibaki nimeinama kwenye lile shimo. Sikuwa fundi wa magari, ila kazi ya viti ilikuwa imenifundisha kutambua jinsi kitu kilivyofumuliwa. Kuna mshono uliokatwa kwa haraka na kuna uliofunguliwa uzi kwa uzi. Hapa hakuna kilichokatwa. Nyaya zote zilikuwa zimefungwa ncha kwa utepe mweusi. Giaboksi ilikuwa imewekewa kipande cha mbao chini isidondoke, na pembeni kulikuwa na kopo la siagi lenye bolti zote zilizotolewa, zimepakwa grisi zisishike kutu. Nilijiuliza huyu ni mwizi wa namna gani.

Tulilirudishia gari magurudumu, na trekta ya jirani ikalivuta hadi kwetu. Mama aliizunguka mara mbili, akasema, "Weka hapo. Lakini sukuma wiki yangu usikanyage."

Nilianza na nilichokijua, yaani viti. Nilipokipasua kile cha nyuma niliona kimejazwa nywele ngumu za mnyama, na katikati ya nywele kulikuwa na mbegu za mahindi, mamia kwa mamia, za rangi mbalimbali, zilizokuwa zikimwagika kutoka kwenye mifuko ya sampuli ya mzee miaka yote ile. Nilizipanda chache nione kama zitaota. Zilioza zote. Viti nikavishona upya kwa vipande vya reksini, ile ngozi ya bandia, vilivyobaki kazini, kijani, kahawia na vyekundu.

Lakini injini haikutoka akilini. Nikawa naangalia namba yake kwenye kitabu cha gari hadi nikaikariri. Kisha siku moja dereva wa trekta kutoka Tongaren alileta kiti chake kushonwa, akanisikia nikizungumza habari ya Pijo. Akasema, "Kuna mama huko Naitiri ako na kisiagi kinazungushwa na injini ya Pijo. Ukiisikia ikisaga mahindi, huwezi amini ni mashine. Inaimba, bana."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Naitiri. Kisiagi sikukiuliza, nilikifuata kwa sauti. Kilikuwa kwenye chumba cha mabati, na wanawake walikuwa wamepanga foleni na madebe yao ya mahindi. Ndani, injini ilikuwa imefungwa juu ya saruji, mkanda mrefu ukitoka kwake hadi kwenye mashine ya kusaga, na pipa la maji likiipoza. Mwenye kisiagi alikuwa mama wa makamo, mweupe kwa unga hadi kope.

Nilimsalimia nikamwomba niangalie injini. Akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Nilipokana akacheka, akaniita msichana kwa lugha ya kwao, "Basi angalia, mukhana. Kuangalia hakumalizi."

Niliipangusa unga ubavuni kwa kitambaa. Namba ilikuwa ile ile.

Nilisimama pale nisijue kama niko mbele ya mwizi. Mwishowe nikamwonyesha kitabu cha gari, nikamweleza kwa upole kadiri nilivyoweza kwamba mwenye injini hii anasema iliibwa.

Alizima injini, kisiagi kikanyamaza, wanawake wote wakanigeukia.

"Iliibwa?" akasema. "Alileta yeye mwenyewe! Na tlekta! Alikuja na mafundi wawili wakaifunga hapa siku nzima, na mimi ndiye niliwapikia kuku."

Akanikalisha kwenye gunia akanieleza. Yule afisa wa kilimo ndiye aliyewashauri, mama huyu na wenzake kumi na wawili, waunde kikundi wanunue kisiagi. Walichanga, wakauza mbuzi na kuku, wakanunua. Injini waliyouziwa ilipasuka kabla ya mwezi kuisha, na aliyewauzia hakuonekana tena. Wanawake wakarudi kubeba mahindi kichwani hadi kituo kingine. "Hatukumlaumu," alisema. "Lakini alikuwa akipita hapa hawezi kutuangalia usoni. Halafu siku moja tukaona tlekta. Hakutaka hata shilingi. Sasa wewe unataka kuichukua?"

Wanawake kwenye foleni walikuwa wakiningoja nijibu. Nikasema sitaki kuichukua. Nataka tu kujua inavyofanya kazi.

Hapo uso wake ulibadilika kabisa. Alikuwa amejifunza ile injini peke yake kwa miaka sita na hakuwa na mtu wa kumweleza. Alinionyesha jinsi ya kutoa hewa kwenye bomba la dizeli kwa kulegeza nati moja tu. Akaiwasha tena, akachukua mwiko wa ugali, akaweka ncha yake kwenye chuma na mpini kwenye sikio langu. "Hapa sikia. Hiyo ni pampu. Sasa hapa. Hizo ni valvu, zinaongea kama mabibi-wenza. Ukisikia mmoja amenyamaza, zima halaka."

Nilirudi Kitale na mwiko wake mkononi. Alinipa kwa sababu nilikataa kuuachilia.

Kwa mzee nilikwenda siku ambayo Shosho alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Nikamwambia, "Guka, nimeisikia injini yako. Iko sawa."

Aligeukia zizi la ng'ombe. Kisha akauliza, "Wanaitunza?"

"Wanaitunza sana."

"Shosho alitaka tuuze gari tumalize nyumba. Ningemwambia nini? Kwamba nimetoa injini bure kwa sababu ya aibu yangu?" Akaniangalia. "Usimwambie."

Nikamwambia hilo si langu kusema. Lakini sikupenda kuibeba siri yake, na alijua sikupenda.

Sasa nilihitaji injini nyingine. Niliipata Bungoma, kwa fundi wa jua kali mwenye yadi ya magari yaliyobingirika. Alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitano. "Niaje, siste," alinisalimia, na nilipomweleza shida yangu alinionyesha injini ya dizeli ya pikapu ya Kijapani. Hatukuongea pesa. Alikuwa na viti vilivyochanika vya magari manne ya matatu, nami nikavishona vyote, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye kivuli cha yadi yake. Ndipo akaivuta Pijo yangu hadi Bungoma.

Shida ilikuwa kwamba giaboksi ya Pijo hiyo imeungana na ekseli ya nyuma kwa bomba moja refu, kwa hiyo huwezi kuitupa ukaweka nyingine. Lazima ibaki. Na matundu yake ya bolti hayakulingana hata moja na ya injini mpya. Fundi aliziweka zikitazamana, akakuna kichwa. "Siste, hizi hazijuani kabisa. Hata kwa harusi hawajawahi patana."

Nilichuchumaa nikazitazama. Kwa jicho langu vilikuwa vitambaa viwili vya mkato tofauti. Ukitaka kuviunganisha unakata cha tatu katikati. Nikapaka grisi usoni mwa giaboksi, nikabandika karatasi ya kaki, ikatoka na alama ya kila tundu. Nikafanya vivyo hivyo kwa injini. Kisha nikapanga karatasi moja juu ya nyingine, katikati juu ya katikati, nikachora bamba litakaloshikwa na injini upande mmoja na giaboksi upande wa pili. Fundi aliitazama michoro yangu kama mtu anayesoma barua ya siri. Akakata bamba kwenye chuma kinene.

Tuliifunga, tukaiwasha. Iliwaka mara ya tatu, yadi nzima ikashangilia. Lakini nilipokanyaga klachi gari lilitoa mlio wa nguruwe anayechinjwa.

"Beringi imekufa," fundi akasema. "Injini ni mbaya. Nitakutafutia ingine."

Nilitoa mwiko wangu, nikasikiliza. Pampu sawa. Valvu zinaongea zote. Kilio kilikuwa nyuma zaidi, pale penye bamba. Tulifungua tena, jioni nzima, na nikaona chuma kimeng'aa upande mmoja tu, mahali kilipokuwa kikisuguana. Bamba lilikuwa limehama kiasi cha unene wa ukucha.

Nilifikiria jambo hilo njia yote ya kurudi Kitale. Kisha nikakumbuka kwamba siku nilipochukua alama mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida ya Bungoma alasiri, na ile karatasi ilikuwa imenyonya unyevu ikavimba. Kazini tunajua hivyo, patani, yaani kiolezo cha kukatia, ikiwa ya karatasi mbichi hutoa kiti kilichopinda. Nilihitaji kitu kisichovutika.

Shosho alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Nilimweleza, naye akaingia chumbani akatoka na bahasha ya picha za eksirei. "Hiki ni kifua cha Guka wako, cha zamani. Chukua, kilionekana hakina kitu."

Basi bamba la pili lilikatwa kwa patani ya mbavu za mzee. Lilikaa bila kulazimishwa hata bolti moja. Nilipokanyaga klachi sikusikia lolote, nikadhani haifanyi kazi, hadi nilipoingiza gia na gari likasogea.

Kwa wiki mbili nililiendesha kwenye barabara za udongo nyuma ya kwetu. Kisha nikaenda kuwachukua wale wazee, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi safari. Mzee alikaa mbele, Shosho nyuma kwenye reksini ya rangi tatu. Niliuliza twende wapi.

"Naitiri," mzee akasema.

Nilimwangalia. Aliangalia barabara.

Tulikuwa tumepita Tongaren alipoanza kusema, bila kugeuka nyuma. Alisema yote, kikundi, injini iliyopasuka, trekta. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anawafundisha wakulima habari ya mbolea.

"Simamisha gari," Shosho akaniambia.

Nilisimamisha. Alishuka, akatembea mbele peke yake kando ya shamba la mahindi, mkoba kwenye kiwiko. Mzee alitaka kushuka nikamshika mkono. Tulimfuata polepole, gia ya kwanza, kwa umbali wa pengine nusu kilomita. Kisha akasimama, akapangusa viatu vyake kwenye nyasi, akafungua mlango akaketi.

"Miaka sita nimekuwa nikiombea wezi waokoke," alisema. "Endesha."

Tulipofika, kisiagi kilikuwa kikifanya kazi. Shosho aliingia peke yake. Kupitia mlangoni nilimwona akisalimiana na yule mama, kisha wote wawili wameinama juu ya injini. Mama alikuwa akinyoosha kidole huku na huku, na Shosho akiuliza, akiuliza tena, mkono wake umeegemea pipa la maji.

Mzee hakushuka. Aliteremsha kioo.

"Wanasema nini?" aliniuliza.

"Siwezi kusikia, Guka. Injini inapiga kelele."

Akatikisa kichwa. Baada ya muda akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akaketi hivyo, akisikiliza.