Mgeni Chini ya Kitanda

Mama yangu alipokubali kuhama Marabo aje kukaa kwetu Bunia, alitoa sharti moja: paka wake aje naye. Tangu baba afe, ni paka huyo tu aliyekuwa akiishi naye. Nilikubali upesi, maana nilikuwa nimembembeleza mama miaka miwili, nikiwaza kila siku kwamba ameanguka peke yake kule na hakuna wa kumwinua.

Paka alisafiri na mama kwa pikipiki, ndani ya gunia. Kwetu kila mtu anajua kwamba paka akikariri njia atarudi alikotoka, kwa hiyo mama alimwamuru mwenye pikipiki auzunguke mzunguko wa barabara wa katikati ya mji mara tatu. Walipofika, mwenye pikipiki alikuwa amenuna, mama anaona kizunguzungu, na paka peke yake ndiye aliyejua anakokwenda: chini ya kitanda cha wageni, kwenye pembe kabisa.

"Kama haitoki, miye narudi naye Marabo," mama alisema. "Paka ni nyama ya Mungu, haiwezi kuteseka sababu ya miye."

Basi tukaanza kumkaribisha paka. Na sisi watu wa huku, kukaribisha tunajua. Mgeni haachwi peke yake. Mwache dakika tano tu, ukoo mzima utasikia. Mke wangu alipanga ndakala, vile visamaki vidogo vikavu, mbele ya kitanda. Mimi nililala kifudifudi nikammulika kwa tochi ya simu, huku nikimsemesha kwa adabu zote. Jirani alileta maziwa, akakaa kusubiri ayaone yakinywewa. Akina mama wa kanisani, waliokuja kumpa mama pole ya safari, walipiga magoti kuzunguka kitanda wakaimba mapambio mawili, na ngoma. Paka akajipenyeza kati ya mbao na godoro, mahali ambapo mimi siwezi kuingiza hata kiganja.

Siku ya nne uvumilivu uliniisha. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilichukua ufagio nimtoe kwa nguvu, aone jinsi tunavyompenda. Mama akanishika mkono.

"Acha ufagio. Weye, watu kumi wakikuchungulia kila saa, utatoka?"

"Mama, siye tunamuheshimu tu."

"Hata miye munaniheshimu. Tangu nifike sijagusa sufuria. Nikisimama, mutu anauliza nataka nini. Nikienda choo, mutu ananisindikiza. Kama magoti yangu yangekubali, miye pia ningeingia chini ya kitanda."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Hapo niliogopa kweli. Mama yangu alikuwa karibu kuondoka, na aliyekuwa akimfukuza ni mimi, kwa heshima zangu.

Asubuhi iliyofuata niliwatoa watu wote nje. Mke wangu alipinga: mama mkwe apike, majirani watasema nini? Nikamwambia waache waseme. Tulimwachia mama jiko, kinu na majani ya muhogo ya kutwanga sombe, chumba cha wageni tukakiacha wazi, tukafunga mlango na kusimama uani mwetu bila kazi yoyote.

Tulisikia kinu kikilia muda mrefu. Kisha kikanyamaza, na sauti ya mama ikapanda:

"Ondoa pua yako! Hiyo ndakala ni ya sombe!"

Mke wangu akanitazama. Niliziba mdomo kwa mikono miwili, paka asije akasikia kwamba kuna watu wanaomjali.

Baada ya muda mlango ulifunguka kidogo, mama akatoa kichwa. Alikuwa na jasho, na vipande vya sombe hadi kwenye nyusi. Hakutukaribisha ndani.

"Nyinyi," alisema, "chumvi yetu munaiwekaka wapi?"